Mlingoti Unaokunjwa

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, nabadilisha taa kwenye duka la dawa hapa Singida mjini. Hakusalimia. Alisema tu, "Mdogo wangu, waya unaweza kupita ndani ya mti?"

Nilidhani anazungumzia nguzo ya nyumba. Nikamuuliza mti gani. Akasema mlingoti.

Niliteremka nikakaa kwenye ngazi ya chini. Ilikuwa imepita miezi kadhaa tangu tumzike wifi, na katika miezi yote hiyo kaka hakuwa ameniuliza swali hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu. Tunasalimiana, ananiambia mvua imenyesha au haijanyesha, kisha tunabaki kimya mpaka mmoja wetu asingizie mtandao. Kwa hiyo nilipomsikia anauliza kitu, hata kama ni kitu cha ajabu, moyo wangu ulichangamka. Nilimwambia nitakuja.

Kaka ni seremala. Anaishi kando ya Ziwa Kitangiri, upande wa Iramba, kwenye nyumba aliyotuachia baba. Maisha yake yote ametengeneza milango, vitanda, na majeneza yanapohitajika. Zamani ziwa lilikuwa mbali na nyumba, ng'ambo ya mashamba, na sisi watoto tulikuwa tukiliona kama mstari mweupe tu. Kisha ikaja ile misimu ya mvua nyingi iliyofuatana, maji yakapanda. Yakameza shamba la viazi la kaka. Yakameza njia ya kwenda kijiji cha pili. Watu waliozoea kwenda ng'ambo kwa baiskeli wakaanza kwenda kwa mitumbwi, wengi wao hawajawahi kushika kasia. Matete yakaota kila mahali, marefu kuliko mtu, yakaacha vichochoro vyembamba vya maji katikati yake.

Wifi alifia katika kichochoro kimoja kama hicho. Alikuwa amekwenda ng'ambo kusaidia kupika kwenye msiba. Wakati wanarudi, giza linaanza kuingia, mtumbwi wa wavuvi ulikuwa unatoka kwa kasi kwenda kutega nyavu. Hawakuwa na taa, na akina wifi pia hawakuwa nayo. Hakuna aliyemwona mwenzake mpaka mbao zilipogongana. Wenzake waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania matete. Yeye alipatikana asubuhi.

Nilipofika kijijini, boti ilikuwa tayari imesimama uani juu ya magogo. Kaka alikuwa ameacha kutengeneza milango. Ilikuwa boti nzuri, pana, yenye mabenchi pembeni, na kando yake kulikuwa na turubai la bluu alilolishona mwenyewe kuwa tanga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Njoo uone." Alinishika mkono akanizungusha kuizunguka boti kama mtu anayeonyesha ng'ombe. "Itavusha watu. Sitaki makasia tu, katikati ya ziwa kuna upepo wa bure. Na juu ya mlingoti naweka taa. Taa iwe juu ya matete, mtu aione akiwa mbali, akiwa hata hajaingia kwenye kichochoro."

Alinieleza kwamba alishajaribu. Alifunga taa kwenye boriti fupi aliyoisimamisha kwenye mtumbwi wa kuazima, akaupigilia waya kwa nje kwa misumari. Kamba ya tanga iliusugua ule waya mpaka ukakatika, naye hakujua, kwa sababu aliyekaa chini hawezi kuona kilichoko juu ya kichwa chake. Alivusha watu jioni nzima akiamini taa inawaka.

"Nilikuja kuambiwa na mtu tulipofika. Ananiambia, mzee, mbona leo hukuwasha? Mdogo wangu, sikuvusha tena." Alipapasa ubao wa boti. "Ndiyo maana nataka waya uwe ndani. Kamba isiuguse, mkono wa mtu usiuguse, kitu chochote kisiuguse."

Hapo nikamwambia tuende tukaone mahali anapotia nanga. Tulishuka mpaka kwenye maji, na nilipoinua macho nikaona jambo ambalo yeye alikuwa hajalitaja.

Laini ya umeme ilikuwa inapita juu ya maji. Ile laini inakwenda kwenye mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Ilipojengwa, pale palikuwa shamba la kaka, na nguzo zilisimama katikati ya matuta ya viazi. Sasa nguzo zimesimama ndani ya ziwa, na umbali kutoka usawa wa maji mpaka kwenye nyaya umepungua kiasi kwamba mlingoti uliosimama ungezifikia. Na njia pekee ya kutoka bandari yake mpaka katikati ya ziwa ilipita chini ya nyaya zile.

"Nimeziona," kaka alisema kabla sijafungua mdomo. "Ndiyo maana mlingoti utakunjwa. Nikifika hapa naulaza, napita, nausimamisha tena mbele."

"Na siku utakayosahau?"

"Sitasahau."

Nilipokuwa najifunza kazi, nilimwona mtu aliyekuwa ameinua bomba la antena karibu na laini kama ile. Halikuigusa, lakini yeye alikufa. Umeme wa namna hiyo hausubiri kuguswa, unaruka. Tangu siku hiyo siwezi kupita chini ya nyaya bila kuangalia juu. Na sasa kaka yangu ananiomba nichukue mti utakaokuwa unalowa kila siku, nipitishe shaba katikati yake kuanzia juu mpaka chini, kisha nimkabidhi aushike.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa Kiswahili kisha kwa Kinyiramba, ili asije akasema hakuelewa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unakataa," alisema.

"Sijakataa. Nasema tutafute njia nyingine."

"Wewe tafuta. Mimi nitapitisha waya mwenyewe."

Nilijua angeupitisha kweli. Angeupitisha na mafundo yasiyofungwa vizuri, na betri iliyoachwa wazi kwenye maji yanayotuama ndani ya boti. Nilikwenda ofisi za umeme nikaeleza hali ya ile laini. Kijana aliyenipokea alikuwa muungwana, aliandika, akasema watakuja kupima, lakini nguzo ndefu zinaagizwa mbali na mimi nielewe itachukua muda. Nilielewa. Nikanunua waya mwembamba wenye mpira mgumu, taa ya ledi isiyoingiza maji na betri ya pikipiki, nikarudi kijijini kukaa kwa kaka mpaka kazi iishe.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Kaka alikuwa amepata mbao mbili ndefu za msindano, nyepesi na zilizonyooka, bila kifundo cha maana. Kila ubao tuliuchimba mfereji katikati kwa patasi, ili zikilazwa pamoja mifereji ile ikutane na kuwa tundu moja. Mimi nilikuwa nyuma yake nasugua mfereji kwa msasa niliouzungusha kwenye kijiti, maana ubavu ukibaki na kibanzi kimoja kitakula mpira wa waya taratibu, na hutajua. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Wakati mwingine alicheka kidogo, kwa pua, kama baba.

Lakini pia niliona mengine. Aliweka randa chini ya benchi, baada ya muda akaitafuta ndani ya nyumba. Aliniuliza kama nimekunywa chai, nikasema ndiyo, akaniletea chai. Asubuhi moja alitoka na mkoba wa vifaa akaenda mpaka barabarani, akasimama, akarudi. Nilipomuuliza alikuwa anakwenda wapi alisema, "Kuna mlango wa mtu," lakini hakukuwa na mlango wa mtu yeyote. Nilijiambia ni huzuni. Mtu asiyelala usingizi husahau. Nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku mfereji uliongezeka urefu.

Siku ya kuunganisha mbao ilihitaji mikono mingi, kwa sababu gundi haingoji. Mbao zikishapakwa lazima zifungwe zote kwa pamoja, kwa mikanda ya mpira tuliyokata kutoka kwenye mipira ya ndani ya baiskeli. Majirani walikuja. Waya ulikuwa umelala ndani ya mfereji, kaka anapaka, watu wanabana, wengine wanazungusha mipira. Katikati ya pilikapilika ile nikaona mtu amesimama penye uzio, kofia ameishika mkononi. Watu wakageuka mmoja mmoja kumtazama. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza kwamba yule ni mmoja wa wavuvi waliokuwa kwenye mtumbwi ule.

Kaka alimwona. Gundi ilikuwa inaanza kukauka. Alimtazama, kisha akachukua mkanda wa mpira akamrushia.

"Shika mwisho ule. Vuta kwa nguvu."

Yule mtu aliruka uzio, akavuta kwa nguvu, akazungusha, akavuta tena, jasho linamtiririka puani. Tulipomaliza alinawa mikono kwenye ndoo akaondoka. Jioni nilimuuliza kaka kwa nini alimruhusu.

"Tulikuwa tumepungukiwa na mtu upande ule," alisema.

Mlingoti ulipokauka tuliuzungushia randa mpaka ukawa mviringo. Ukiutazama hukuweza kujua kwamba ndani yake kuna kitu. Kisha kaka akaukata. Alipima, akasimama, akapima tena, akaukata mahali pa kukunjia, msumeno ukapita jirani kabisa na ncha ya waya tuliokuwa tumeurudisha nyuma ndani ya tundu. Bawaba tulikuwa tumechomelewa mjini: vipande viwili vya chuma vinavyobana mlingoti kushoto na kulia, bolti moja ya kudumu ya kuzungukia, na juu yake pini ya kuchomoa kwa mkono. Ukichomoa pini, sehemu ya juu inalala kuelekea nyuma ya boti.

Waya ndio ulionisumbua hapo. Mara ya kwanza ulibanwa na ncha ya mbao, mpira ukachubuka. Nikalazimika kuuvuta wote na kupitisha mwingine. Mwishowe nilimwomba kaka achonge shimo dogo pembeni ya bolti, nikauacha waya uzunguke humo kwa ulegevu ndani ya kipande cha bomba laini la plastiki la kupitishia nyaya za sola, ili mlingoti ukikunjwa waya ujikunje nao bila kuvutwa. Tuliukunja na kuukunjua mpaka mikono ikachoka. Taa iliwaka kila mara. Kaka alikaa chini, akaegemea boti, akafumba macho. Mimi nilikuwa natazama ile pini. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri kuliko kazi nyingi nilizowahi kufanya, na bado niliichomoa na kuipachika tena.

Tuliishusha boti majini mchana, tukiwa wawili peke yetu. Nilikataa abiria. Kutoka tulitoka mlingoti umelala, kaka anasukuma kwa upondo, tukapita chini ya nyaya, nikasikia ule mlio wake mdogo kama wa nyuki walio mbali. Mbele, maji yalipokuwa meupe na mapana, tuliusimamisha, akapachika pini, akavuta tanga. Boti iliinama kidogo, ikaenda. Sijawahi kumwona kaka akiwa na uso ule tangu msiba. Aligeuza huku na huku, akaniambia niwashe taa mchana ule ule, akaniuliza, "Inawaka?" Nikasema inawaka. Akauliza tena. Nikasema kaka, inawaka.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu na umeongezeka. Matete yakaanza kukaribia, nikaziona nguzo. Kaka alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele, ametulia. Nilisubiri aseme tukunje. Hakusema.

"Kaka, nyaya."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Nyaya zipi?"

"Kaka! Nyaya za umeme! Shusha tanga!"

Hapo akazinduka. Aliachia kamba, tanga likaanguka nusu, lakini upepo uliokuwa ndani yake uliendelea kutusukuma. Nikarukia pini. Haikutoka. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba, chuma kimebanwa. Niliivuta kwa mikono miwili, ngozi ya kidole ikachanika, haikutoka. Niliinua kichwa nikaiona ncha ya mlingoti inakwenda kuelekea nyaya zile polepole, kama mtu anayenyoosha mkono kuomba kitu.

"Toka kwenye mlingoti!" kaka alipiga kelele. "Uachie!"

Kisha alijitosa majini.

Nililia kwa sauti. Nilidhani amezama. Lakini alisimama. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amesimama juu ya shamba lake, juu ya tuta la viazi, naye aliikumbatia boti kwa mbele kwa mikono yote, miguu inasukumwa na kuteleza kwenye tope, akarudishwa nyuma, akarudishwa tena, akasimama. Boti ikasimama. Mimi nilijitupa kwenye tanga nikalikusanya lote na kulilalia, upepo usilipate. Tukabaki hivyo, mimi kifudifudi juu ya turubai, yeye ndani ya maji, kidevu chake juu ya ubao, tunatazamana. Juu yetu, mbele kidogo, nyaya zilikuwa zinavuma.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "Nilikuwa nafikiri ninyi wawili, wewe na wifi yako, mnanisubiri nyumbani, na mmepika."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Aliivuta boti kurudi nyuma kwa miguu, taratibu, tuta kwa tuta, mpaka tulipokuwa mbali na nyaya, kisha akapanda, akaigonga pini kwa nyundo mpaka ikatoka, tukaulaza mlingoti.

Siku iliyofuata nilimwomba aje kukaa kwangu mjini. Alikataa. Nilimwomba aukate mlingoti uwe mfupi. Alisema taa itazama kwenye matete na kazi yote itakuwa bure. Tulizozana vibaya, kwa maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana wakiwa wamebaki wawili tu. Mwishowe nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa pamoja tukakubaliana bandari ihamishwe mpaka penye mawe, upande wa pili wa kilima, ambako hakuna nyaya. Abiria watatembea mbali zaidi, wazee watalalamika. Njia ya zamani ilizibwa kwa matawi ya miiba, watu wakaambiwa mtu yeyote asipite hapo na kitu kirefu. Kaka alinuna siku nzima, kisha akaenda mwenyewe kuongeza miiba.

Kwa hiyo mlingoti ule haukulazimika kukunjwa tena. Nililegeza tundu la pini hata hivyo, na kuipaka mafuta. Nilimpeleka hospitali pia. Daktari alimwuliza mwezi gani huu, na rais ni nani, na akamwomba achore saa. Kaka aliichora vizuri sana, kama kitu cha kuchongwa, lakini mishale hakuiweka. Daktari alizungumza nami nje. Alitumia maneno ya upole, kwamba huku si kusahau kwa huzuni tu.

Sasa kuna kijana wa kijijini anayeshika usukani pamoja naye, ndilo sharti nililoweka. Nguzo ndefu zimeletwa, zimelala kando ya barabara, zinasubiri maji yapungue. Na taa inafanya kazi. Wavuvi wanaiona wakiwa mbali na wanasubiri nje ya kichochoro mpaka boti ipite. Tangu iwashwe hakuna mitumbwi iliyogongana upande ule. Watu wananiambia nijivunie. Nawashukuru.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilifika jioni, nikaenda penye mawe kumsubiri. Kulikuwa na mama mmoja anayemsubiri binti yake. Tuliiona taa kabla ya kuona boti, juu ya matete, inakuja. Kisha ikasimama. Mama yule akaniuliza, "Wamekwama?" Nikasema labda upepo. Taa ilibaki pale pale. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilikuwa nimeshavua viatu, sijui nilitaka kufanya nini, taa ilipoanza tena kusogea.

Walipofika, abiria walishuka wakitusalimia. Yule kijana alinitazama kidogo kisha akatazama pembeni.

"Shikamoo kaka. Mbona mlisimama?"

"Marahaba. Nilitaka kujua kama inawaka," alisema. "Nikawaambia wote watazame juu waniambie."

Alichomoa pini, akaulaza mlingoti ingawa hapakuwa na haja, na akanipa upande mmoja wa turubai tulikunje.